Nyumba Isiyoingiwa

Mtu mwenye akili zake, akiambiwa kesho awatembeze wageni na mmoja wa wageni hao ni msichana aliyekuwa wake, huumwa tumbo. Tena huanza kuumwa mapema, Ijumaa jioni, ili meneja apate muda wa kutafuta mwingine. Margwe hakuumwa. Margwe aliazima pasi.

Aliinyoosha suruali yake ya kijivu mpaka mkunjo ukasimama kama makali ya panga. Viatu akavipaka mafuta ya kupikia, maana rangi ya viatu mwaka ule wa themanini na nne ilikuwa hadithi ya kusimuliwa tu. Kisha akalala chali, mikono kifuani, asije akaharibu kitu. Ungemwona ungedhani bwana harusi ni yeye.

Bwana harusi alikuwa mwingine. Alikuwa Alfredi, afisa kilimo wa shamba la ngano, mtu wa Songea, mfupi, mpole, kichwa kimeanza kung'aa mbele kabla ya wakati wake. Shangazi yake, Bi Konsolata, ndiye aliyemlea, na alikuwa amekaa kwenye mabasi siku tatu nzima kuja kumwona mchumba. Siku inayofuata matembezi, Jumapili, padri angesoma tangazo la kwanza la ndoa. Lakini shangazi alikuwa amesema wazi kwamba hakuna jina litakalosomwa kabla yeye hajaiona nchi inayomchukulia mwanawe. Ndipo meneja akatoa Landrova, akatoa na Margwe.

Margwe kazi yake hasa ilikuwa ukarani wa mizani, kupima malori ya ngano yanayotoka na yanayoingia. Lakini alikuwa mzaliwa wa huku, mwenye miguu mirefu na mdomo usiochoka, kwa hiyo kila walipofika wageni alitolewa mizani akapewa mlima. Alishawapandisha Hanang Wakanada waliokuja na kombaini, wakaguzi kutoka Dar es Salaam, na bwana mmoja mkubwa aliyezirai kabla hata msitu haujaanza. Habari za maziwa yote ya huku alikuwa nazo kichwani, na pale kichwa kilipoishia alitunga.

Saa kumi na mbili asubuhi Landrova ilikuwa inanguruma mbele ya ofisi. Kwenye usukani alikuwa Gidabuday, Mbarbaig mrefu aliyecheka kwa sababu yoyote na bila sababu.

"Shikamoo, mama," Margwe alimwamkia shangazi.

"Marahaba, kijana. Wewe ndiye kiongozi?"

"Ndiye mimi."

"Mbona umevaa kama unakwenda kupigwa picha?"

Gidabuday akacheka mpaka honi ikalia.

Ludovika, mchumba mwenyewe, alikuwa amekaa nyuma, sweta la kijani, kitambaa cheupe kichwani, mikono ameibana katikati ya magoti kwa baridi. Margwe alikuwa amejiandaa kwa mengi. Alijiandaa kwa Ludovika anayekasirika, kwa Ludovika anayelia, hata kwa Ludovika asiyemtazama kabisa. Hakujiandaa kwa lile alilopewa.

"Habari za asubuhi, Bwana Margwe."

Bwana! Msichana aliyewahi kumwita "wewe" kwa sauti ambayo ungeweza kuiota kama moto.

"Nzuri," alisema. Akapanda mbele, akafunga mlango, mlango ukagoma, akaufunga tena.

*

Walianzia ziwa Basotu. Ngano ilikwisha kuvunwa, na mabua yalijaa pande zote mpaka macho yakachoka kuyatazama. Viboko walikuwa majini, puani wakitoa mvuke.

"Hawa wanakula watu?" aliuliza Konsolata.

"Wanakula majani, mama. Watu huwaua tu," alisema Margwe.

"Afadhali." Akamgeukia Ludovika. "Na kwenu Maretadu viboko wapo?"

"Hapana, shangazi. Kwetu ni mahindi na maharage."

"Mko wangapi nyumbani?"

"Baba na mama, kaka yangu na mkewe, na mimi."

"Na watoto wa kaka?"

Ludovika alitazama maji. "Hawajapata, shangazi."

"Kaoa lini?"

"Shangazi," alisema Alfredi taratibu, "tazama yule mdogo anavyomfuata mama yake."

"Nimemwona. Mimi nauliza watu, wewe unanionyesha viboko." Akavuta khanga yake begani. "Binti wa katekista wetu ana watoto wa kaka saba. Saba! Basi nimesema tu."

Hakuwa amesema tu. Alikuwa akilisema tangu Songea, na kila mtu ndani ya gari lile alijua kwamba binti wa katekista bado alikuwa anangoja huko kusini, amesuka nywele.

Ziwa la pili lilikuwa dogo, limezama ndani ya shimo refu ambalo zamani lilikuwa mdomo wa volkano, maji yake ya kijani, hayatikisiki. Wote wakasimama ukingoni. Margwe akasafisha koo, akatoa ile sauti yake ya wageni.

"Wazee wanasema ziwa hili halina chini. Mzee mmoja alifunga kamba tisa za ng'ombe, akatumbukiza jiwe, jiwe halikugusa kitu. Usiku akaota ndoto, jiwe linamwuliza: 'Mzee, bado tunakwenda?'"

Konsolata akacheka, mara ya kwanza siku ile. Margwe akatupa jicho la wizi upande wa pili. Ludovika alikuwa amejiuma mdomo. Alijua ni uongo. Alikuwepo siku ulipotungwa, miaka mitatu iliyopita, wamekaa juu ya jiwe pale Maretadu wakila mahindi ya kuchoma, na ile habari ya jiwe kuuliza swali aliiongeza yeye mwenyewe. Macho yao yakakutana juu ya kipara cha Alfredi. Yakakaa pale muda mrefu kidogo kuliko inavyoruhusiwa.

Moyo wa Margwe ukafanya ujinga. Ukaanza kutumaini.

*

Mchana uliwakuta ubavuni mwa Hanang, upande wa Gendabi. Gidabuday alibaki na gari chini. Walipofika ukingo wa msitu, shangazi alijitupa juu ya gogo, akatangaza kwamba hata Musa alipanda mlima kwa sababu aliitwa, na yeye hajaitwa.

"Nitakaa naye," alisema Alfredi. "Ludovika, nenda ukaione Balangida kwa juu. Utanisimulia."

"Wewe huji?"

"Nimeshaiona. Nenda na Bwana Margwe, anajua njia."

Alivyolisema! Bila wivu, bila hata kumtazama Margwe mara mbili. Kuna watu wanakuchukulia mchumba, halafu hawakupi hata sababu ya kuwachukia. Huo ni unyanyasaji.

Walipanda karibu nusu saa, Margwe mbele, Ludovika nyuma. Walipotokea juu kwenye ukingo ulio wazi, upepo uliwapokea kwa makofi. Ukungu ukapasuka, na kule chini kabisa Balangida ikaonekana, pana, nyeupe kwa magadi.

"Hilo ndilo ziwa Balangida," alianza Margwe. "Wakati wa kiangazi maji hukauka, na watu wa..."

"Margwe. Mimi nimezaliwa Maretadu. Acha."

Akaacha. Angalau "Bwana" ilikuwa imebaki msituni.

"Kesho linasomwa tangazo," alisema Ludovika.

"Najua."

"Unajua, na ukakubali kuja."

"Nilitaka unieleze mwenyewe. Miezi saba nilikusubiri, Ludovika. Siku nyumba yenu ilipofunguliwa nikamtafuta mzee wa kuniposea. Tunafika, Landrova ya shamba iko uani kwenu, na mama yako anamkaangia Alfredi mayai."

"Ulisubiri." Alilirudia neno lile kama mtu anayeonja mchuzi ulioharibika. "Na mimi nilikuwa nafanya nini? Nacheza ngoma?"

Miezi ile saba ilikuwa ya metimani. Mke wa kaka yake Ludovika alifiwa na kichanga, na kifo cha namna hiyo, kwa desturi ya Wairaqw, huifunga nyumba nzima. Watu wake hawasalimii kwa mkono, hawatoi moto wala kuomba moto, hawachoti kisima cha wote, na ng'ombe wao huchungwa peke yao. Hakuna anayewatukana. Watu hupita mbali tu, mpaka wazee waseme sasa yatosha. Wengi siku hizi wamebatizwa na wameacha. Baba yake Ludovika alikuwa amebatizwa na hakuacha.

"Hukuniona," alisema Margwe, "lakini nilikuja. Nilifika mpaka kwenye ua wa minyaa. Mara tatu."

"Nilikuona."

Margwe akageuka kumtazama.

"Mara ya kwanza ulivaa shati la bluu. Mara ya pili mvua ilikuwa inanyesha, umejifunika mfuko wa mbolea. Mara ya tatu ulikuwa na mkate kwapani. Nilikuona mara zote tatu, niko nyuma ya zizi. Ulisimama. Nikajisemea, sasa anavuka. Ukageuka. Na mkate ukaondoka nao."

"Nilikuwa naiheshimu nyumba ya baba yako!"

"Baba alikuwa na wa kumheshimu. Maretadu nzima ilimheshimu, mpaka ikatafuta njia nyingine ya kwenda sokoni. Mimi nilitaka mtu mmoja tu akose heshima."

Upepo ulilivuta lile sweta.

"Ungeniita," alisema Margwe.

"Niliyefungiwa ni mimi, na wa kuita pia ni mimi?"

"Ludovika, ilikuwa mama." Hili hakuwahi kumwambia mtu. "Alisema nyumba yenu ina mkosi. Alisema nikivuka ule ua, nisirudi kula kwake."

"Kwa hiyo ukaenda ukala."

"Nikala."

"Basi asante. Mwaka mzima nimetaka kulisikia hilo. Si heshima. Ilikuwa ugali."

Alilisema bila kupaza sauti, na ndiyo maana liliuma. Margwe akaokota hasira, maana ilikuwa karibu na haikuhitaji kutafutwa.

"Na Alfredi wako ndiye shujaa? Gari lilichemka, akaja kuomba maji! Mtu wa Songea anajua nini kuhusu metimani? Angejua, angekimbia kuliko mimi!"

"Unafikiri sijui?" Macho yake yalikuwa yamejaa. "Nilimwambia, 'Kaka, maji ya hapa wageni hawanywi.' Akadhani ni machafu. Akasema alipita Jeshi la Kujenga Taifa, tumbo lake halichagui. Akaketi kwenye kigoda chetu, akanywa kata nzima, akaomba nyingine. Miezi saba, Margwe. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Baba yangu alilia."

"Alikunywa kwa bahati mbaya."

"Ndiyo! Na hilo ndilo linaloninyima usingizi." Alijifuta kwa ncha ya kitambaa. "Naolewa na mtu kwa sababu rejeta yake ilichemka. Nikimtazama namwona ni mwema. Halafu najiuliza, kama angejua? Wewe ulijua, ukageuka. Yeye je?"

"Unampenda?"

"Nampenda kama mtu mwenye kiu anavyopenda maji."

"Na mimi?"

Ludovika alimtazama. Alimtazama kama zamani, polepole, kuanzia macho, hadi kwenye ule mkunjo wa suruali uliokwisha kufa njiani.

"Wewe nilikupenda bila kiu," alisema.

Margwe akanyoosha mkono. Ludovika hakuukwepa, aliuacha ukae juu ya wake, baridi juu ya baridi.

"Sikiliza," alisema Ludovika. "Jioni, tukirudi, nitazungumza na Alfredi. Mimi mwenyewe, kabla majina hayajafika kwa padri. Sijui nitasema nini, lakini nitamwambia ukweli wote. Anastahili ausikie kutoka kwangu. Wewe nakuomba kitu kimoja tu. Nyamaza."

"Mimi? Ninyamaze?"

"Mpaka jioni. Utaweza?"

"Miezi saba niliweza."

Ludovika akacheka. Kicheko kidogo tu, kilichomtoka bila ruhusa. Lakini kwa Margwe kilitosha kuwasha moto wa kuchoma msitu wote wa Hanang.

*

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Njia nzima ya kushuka Margwe alishtuka peke yake. Nyamaza, ameambiwa. Lakini si kunyamaza huko huko ndiko kulikompoteza? Si alisimama kwenye ua kama nguzo, mara tatu, mkate kwapani? Na sasa tena asimame, angoje jioni, Alfredi aseme neno moja la upole na Ludovika alainike? Kila hatua aliyoshuka, ule ua wa minyaa ulizidi kumjia mbele. Safari hii, alijiapia, navuka.

Walikula kando ya Landrova, viazi vya kuchemsha na chai ya chupa. Shangazi alikuwa amepata nguvu zake, na maswali yake pia.

"Kiongozi," alisema, "wewe ni mtu wa kwao. Hebu niambie ukweli wa Mungu. Nyumba ya huyu binti ikoje? Nimeuliza tangu asubuhi, kila mtu ananionyesha mlima."

Ludovika aliinua macho kutoka kwenye kikombe. Alitikisa kichwa, kidogo sana, kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Margwe alimwona. Alimwona vizuri kabisa.

"Ni nyumba nzuri, mama," alisema. "Ila mwaka jana ilikuwa haiingiwi."

"Haiingiwi vipi?"

"Margwe," alisema Ludovika.

Lakini Margwe alikuwa ameshavuka na miguu yote miwili. Akaeleza. Akaeleza kichanga, akaeleza moto na kisima na ng'ombe, kwa ile ile sauti yake ya kueleza maziwa. "Mtu wa huku asingekanyaga pale, mama, hata kwa fimbo. Mwanao alikanyaga. Alikunywa maji yao wakati ule ule wa mkosi. Simlaumu, hakujua. Yote yaliyofuata yametokana na kutojua. Nasema tu, mtu asioe kwa kutojua."

Konsolata aliweka kikombe juu ya boneti. Kililia.

"Alfredi. Ni kweli?"

Alfredi alikuwa anamenya kiazi. "Kweli, shangazi."

"Na hukujua?"

Alfredi aliendelea kumenya. Gidabuday, aliyecheka kutwa nzima, sasa alikuwa anajikuna shingo.

"Bosi, niseme?"

"Kama unataka."

"Alijua," alisema Gidabuday. "Mimi ndiye nilimwambia. Gari limechemka, nikamwambia, bosi, maji tutafute mbele, nyumba ile imefiwa na kichanga, wamejitenga, haiingiwi. Akachukua ndoo. Nikamwambia mimi sishuki. Mimi Mbarbaig, hata si desturi yangu, na sikushuka!"

Ludovika alikuwa amesimama.

"Ulijua?" alimwuliza Alfredi. "Nilipokwambia wageni hawanywi, ulijua?"

"Nilijua." Alikiweka kile kiazi chini, alionekana kuona haya kuliko mtu yeyote pale. "Kwetu nyumba ikifiwa ndipo inapoingiwa. Nikamwona mtu kakaa uani peke yake. Nikasema, kwa habari ya mila nitaomba msamaha baadaye. Na nilimwomba mzee, siku ile ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje, Ludovika? Ingekuwa kama najisifia kwenye msiba wenu."

Bi Konsolata alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akafanya jambo ambalo kutwa nzima hakulifanya. Alipanda garini, akakunja khanga yake ya pili aliyokuwa ameitandaza kati yake na Ludovika kwenye kiti cha nyuma, akasogea mpaka dirishani.

"Njoo ukae hapa, mwanangu," alimwambia Ludovika. "Pole. Mimi nilizika wawili. Hakuna aliyeniambia nikuamkie kwa pole, nikakuamkia kwa maswali."

Ludovika alipita mbele ya Margwe. Alisimama, akasema kwa Kiiraqw, taratibu, ili wageni wasielewe.

"Mtoto yule alikuwa na jina. Aliitwa Odilia. Alikaa siku kumi na moja, na mimi ndiye niliyekuwa nambeba." Alishika mlango wa gari. "Nilikuwa nakwenda kumwambia Alfredi kwamba siwezi kuolewa naye. Nilishaamua, tukishuka msituni, nikiwa nyuma yako."

Akapanda. Shangazi akamfunika miguu kwa khanga.

Margwe alitaka kurudi kwa miguu. Ni kilomita nyingi, lakini kuna siku mtu huziona chache. Gidabuday akafungua mlango wa mbele, hacheki.

"Panda, ndugu yangu. Kiongozi anakaa mbele."

Akapanda. Jua lilikuwa linateremka na mabua yakawa mekundu. Nyuma yake walikuwa wakiongea kwa sauti ndogo, Alfredi anasema kitu, Ludovika anajibu, kama watu ambao hawana haraka tena. Margwe alikaza macho kwenye kioo cha mbele.

"Kiongozi," aliita Konsolata, kwa upole kabisa, "ile kule ni nini?"

"Ngano, mama."

"Na upande huu?"

"Ngano."

"Na huko nyuma tulikotoka, kile kinachong'aa?"

Ili kukiona ingebidi ageuke. Na akigeuka angewaona.

"Ngano tu, mama," alisema Margwe.